Mafuta Yenye Umri

Jumatatu tulikula muhogo wa nazi.
Jumanne pojo, na chapati mbili kwa kila mtu,
ya tatu ukiitaka, kamwombe mwenzio.
Jumatano mchicha, tui kidogo, papa kidogo zaidi,
na sahani moja ikapanda ngazi kwa Mama Kadzo,
imefunikwa kwa sahani nyingine,
ikashuka asubuhi na maembe mawili mabichi.
Hapa Tudor, ghorofa ya tatu, maji twayapandisha kwa madebe,
lakini sahani hairudi tupu.
Hata kama ni chumvi.

Alhamisi ni siku ya kuiga,
tangu bandarini waliponipa barua
na mshahara wa nusu mwezi ndani ya bahasha.

Zamani nilikuwa nikipitia Bondeni, kwa Awadhi,
nasimama foleni na koti langu la kazi,
nanunua viazi vya karai vya watu wanne:
ganda la manjano, moto wa kuchoma vidole,
rojo ya ukwaju kwenye kifuko kilichopigwa fundo
ambalo Lulua hulikata kwa meno.
Gazeti linakunywa mafuta
mpaka habari za jana zinasomeka pande zote mbili.

Sasa Awadhi ni mimi, na foleni hakuna.

Alhamisi ya kwanza ganda lilibanduka, viazi vikabaki uchi.
Zuweina, keshavaa sare ya zamu ya usiku,
akala vitatu kwa heshima ya ndoa.
Ya pili nikaongeza unga wa dengu, bizari, thomu;
Twahir akasema, "Vitamu, baba. Lakini si vyenyewe."
Ya tatu nikaroweka ukwaju tangu alfajiri,
nikatia tende, nikatia pilipili mbuzi,
nikakaanga, nikaonja, nikaunguza ulimi.
Lulua akatafuna polepole, macho juu,
kama hakimu aliyepewa chai na mshtakiwa.
"Bado," akasema.
Neno moja. Nimefutwa kazi mara mbili.

Ndipo nikapeleka sahani juu kwa Mama Kadzo,
nikamweleza kilio changu pale pale mlangoni.
Akauma kimoja. Akacheka hadi akashika mwimo.
"Karai la Awadhi nimeliosha miaka sita, kaka.
Mafuta yako mapya mno.
Yake yalikuwa na umri.
Asubuhi bajia, mchana samaki,
jioni hivyo viazi vyenu, na kesho yake yanaamka tena."

Nikashuka na kaimati zake kwenye sahani ya maua,
nikimeza mate, sijui ya hamu au ya kinyaa.
Kumbe hicho ndicho tulichokuwa tukilipia!

Siwezi kuwalisha wanangu mafuta ya wiki.
Ila wiki iliyofuata nilichota kikombe kimoja,
ya samaki wa jana, nikayachuja kwa kitambaa,
nikayatia kwenye mapya,
kama mtu anavyotia uongo mdogo kwenye kisa cha kweli
ili kisadikike.

Lulua akauma.
Hakusema kitu. Akanyoosha mkono kuchukua cha pili.
Twahir akaenda kutafuta gazeti,
hatuna gazeti, akarudi na ile barua ya bandarini,
akaitandaza mezani, akavimwaga juu yake.
Nilitaka kumzuia.
Mafuta yakatambaa taratibu: jina langu, tarehe,
"tunasikitika kukuarifu", sahihi ya meneja,
vyote vikageuka kioo,
na chini yake nikaiona mbao ya meza yetu.

Zuweina alivikuta asubuhi, vimepoa, vimelegea.
Alikula amesimama, mkoba ungali begani,
akalamba kidole cha ukwaju, akanitazama, akala tena.
Kisha akavifunika vinne vilivyobaki.
"Hivi vipeleke juu," akasema.
"Ile sahani ya maua ya watu,
wiki nzima imelala kwetu."